Akaunti ya Msimamizi Si ya Kazi za Kila Siku

MAONI YA WIKI
Na Masalu Ng'wandu

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anayevuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema huja Mwanza mjini na vyeti vyake, na mara nyingi huviskani kwenye kompyuta ya steshenari iliyokwisha kuhudumia watu wengi siku hiyo. Kompyuta hiyo ikiwa imefunguliwa kwa akaunti ya msimamizi tangu asubuhi, programu haribifu iliyoingia kwa flashi ya mteja mmoja iko karibu mno na mafaili yanayoendesha mashine yenyewe. Utaratibu huo ukome. Kazi za kila siku zifanyike kwa akaunti ya kawaida, na ile ya msimamizi ifunguliwe panapokuwa na jambo la kurekebisha tu.

Ndani ya Windows kuna faili dogo la maandishi liitwalo hosts, ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza kwenye intaneti tovuti fulani iko wapi. Mwenye mamlaka ya msimamizi akiongeza mstari mmoja humo, mteja aliyeandika anwani sahihi ya benki anaweza kupelekwa kwa tapeli. Wapo wanaosema Windows, tangu toleo la Vista, huomba idhini kabla ya mabadiliko ya aina hiyo, na kwamba kinga hiyo inatosha. Haitoshi. Kwenye akaunti ya msimamizi idhini hutolewa kwa kubofya mara moja, na mhudumu mwenye foleni atabofya bila kusoma. Kwenye akaunti ya kawaida hudaiwa nywila, na asiyekuwa nayo hukwama hapo.

Mwenye duka atajibu kwamba printa ikigoma hana muda wa kumsubiri fundi. Hoja hiyo ina uzito. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na nyingi zilipona baada ya mtu mwenye mamlaka ya msimamizi kufuta faili kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Mamlaka hayo yanahitajika, basi, lakini tukio hilohilo linaonyesha faili moja lenye kasoro linavyoweza kuzima mashine nzima. Nywila iwe kwa mwenye duka na mhudumu mmoja anayeaminika, na kila faili la mfumo linakiliwe kabla ya kuguswa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kufungua akaunti ya pili hakugharimu hata shilingi. Wenye steshenari wa Kamanga na Mwanza nzima, ifungueni wiki hii.