Toa hilo jiko la mkaa kwenye chumba chako cha kazi

Ukiwa Njombe, Makete, Mafinga au Tukuyu msimu huu, huhitaji mtu akueleze kipupwe ni nini. Naongea na wewe unayeshona, unayetengeneza viatu, sabuni, mishumaa au fremu kwenye gereji ya nyumbani, au kile chumba cha uani chenye bati tupu juu, halafu unaposti na kutuma mzigo kwa basi. Mteja wako yuko Dar kwenye joto lake. Hajui kwamba saa moja asubuhi vidole vyako havishiki sindano. Anachojua ni kwamba ulimwambia siku tatu.

Sasa kila mwaka ikifika Juni, ushauri unaozunguka kwenye magrupu ni ule ule. Washa jiko la mkaa nje, likikolea liingize ndani, acha mlango wazi kidogo, piga kazi. Maoni yangu ni tofauti, na najua wengine mtanipinga. Jiko la mkaa halina nafasi kwenye chumba cha kazi, hata likiwa limekolea, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Na hita ya umeme ya kupasha chumba kizima nayo, kwa wengi wetu, si jibu. Kinachotakiwa kupata joto ni mtu na kazi iliyo mezani. Chumba kiache.

Nianze na mkaa maana huo unaua. Kuni zikifuka moshi macho yanawasha, unakimbia mwenyewe. Mkaa uliokolea hauna moshi, na hapo ndipo watu wanapouamini. Lakini ule mkaa mwekundu mzuri unaendelea kutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ikiingia kwenye damu inakaa pale pale ambapo oksijeni ingekaa, na inaganda hapo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Yaani kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, huku mwili unakosa hewa.

Dalili zake ndizo zinatupoteza. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtu aliyekesha akimalizia oda atasema ni uchovu, atameza dawa ya maumivu na kuendelea. Kama kichwa kinaanza ukiwa chumbani na kinapoa ukitoka nje, huo si uchovu. Toka, toa na wenzako wote, na nendeni hospitali mkaseme wazi kwamba mlikuwa na jiko la mkaa ndani.

Utaniambia mlango ulikuwa wazi. Wazi kiasi gani? Hakuna anayepima, na usiku baridi ikizidi mtu anausogeza kidogo, tena kidogo, mpaka umefungwa. Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi. Chumba chako cha kazi kikishakuwa na joto, kinakuwa ndicho chumba kizuri kuliko vyote nyumbani. Watoto wanakuja na madaftari yao, mdogo kabisa anasinzia juu ya robota la vitambaa, na kijana wako wa kazi anaomba alale humo humo kwa sababu kwake ni baridi. Wewe unatoka mara kwa mara kujibu simu na kufunga mzigo. Wao hawatoki.

Na wewe fundi viatu au fremu, usisahau gundi, tina na vanishi. Mvuke wake unashika moto. Kopo liko wazi upande huu, makaa mekundu upande ule, hapo unasubiri bahati tu.

Kama hayo yote hayakutoshi, basi fikiria mzigo. Nguo iliyoshonwa kando ya mkaa inabeba harufu. Wewe huisikii kwa sababu umeizoea, lakini mteja akifungua kifurushi anaisikia ya kwanza kabla hajaiona rangi. Majivu mepesi nayo yanatua juu ya sabuni nyeupe na kwenye nta kabla haijaganda, na picha yako ya simu itayaonyesha vizuri sana.

Tuje kwenye hita. Hita nyingi za chumba zinazouzwa ni za wati 2,000. Ukiiwasha saa nane kwa siku ni yuniti 16. Kwa mtu aliye kwenye bei ya kawaida, ambapo shilingi 1,000 inatoa yuniti kama 2.8, hiyo ni zaidi ya shilingi 5,700 kwa siku. Siku 26 za kazi unakaribia 150,000. Na ukiwa kwenye kundi la matumizi madogo, zile yuniti 75 za mwezi unazimaliza siku ya tano, zinazofuata unalipia bei kubwa. Ni mikoba mingapi hiyo? Halafu sehemu kubwa ya joto ulilolilipia linapanda moja kwa moja kwenye bati na kutoka nje kuwapasha ndege.

Wafugaji wa vifaranga wametuacha mbali sana kwenye jambo hili. Mfugaji mwenye akili hapashi banda zima. Anazungusha boksi au kipande cha silingibodi, ananing'iniza globu juu yake, na joto linabaki palipo na vifaranga. Banda lililobaki ni baridi na hana habari nalo. Sisi watu wazima tuna mabega na vidole tu vya kupasha, tunataka kupasha hewa yote mpaka kwenye kenchi.

Kwa hiyo anza chini. Sakafu ya saruji inanyonya joto kupitia miguu siku nzima. Tandaza maboksi yaliyokunjuliwa, tabaka tatu nne, mahali unaposimama au kukaa, au weka kipande cha mbao kilichoinuliwa kidogo. Ni bure na utaona tofauti siku hiyo hiyo. Soksi za sufi, sweta chini ya koti la kazi, kofia. Kwa fundi wa kukaa, chukua chupa ya mpira ya maji ya moto, iweke kwenye boksi, ingiza miguu, funika magoti na blanketi. Kuchemsha lita 2 za maji kwa birika la umeme kunakula kama robo ya yuniti. Ukibadilisha mara tatu kwa siku bado hujafika yuniti moja. Linganisha na zile 16.

Upepo nao uzuie, lakini kwa akili. Pengo la chini ya mlango liwekee nguo iliyoviringishwa. Geti la bati la gereji litundikie turubai au blanketi zito kwa ndani. Juu, kama huna hela ya silingibodi mwaka huu, salfeti zilizoshonwa pamoja na kukazwa chini ya kenchi zinapunguza sana, mradi ziwe mbali na taa na nyaya. Ila usizibe kila tundu. Acha uwazi juu karibu na paa, kwa sababu pumzi zetu na birika vinaleta unyevu, na unyevu ukikosa pa kutokea unakuwa ukungu kwenye ngozi na vitambaa. Mzigo wenye ukungu hauuziki hata ukipunguza bei. Na ukitumia gundi au vanishi, dirisha linafunguka tu, baridi au si baridi.

Kwenye kazi yenyewe, wazo ni lile lile la kifaranga. Globu ya zamani, ile ya waya inayowaka njano, karibu umeme wake wote unaishia kuwa joto. Ya wati 60 kwa saa nane haifiki nusu yuniti. Iweke ndani ya sanduku la mbao lenye matundu juu, mbali na kuta zake, na una kabati la joto la kuwekea sabuni changa au nta. Globu za kisasa za kubana matumizi hazikusaidii hapo, joto lake ni dogo. Na kitu chenye tina, petroli au gundi ya viatu kisiingie kwenye sanduku hilo kabisa.

Mafundi mbao, gundi nyeupe nyingi zinataka joto la nyuzi kama 10 kwenda juu ndipo zishike sawasawa. Kwenye chumba cha nyuzi 6 itakauka, utaona imekauka, halafu fremu inaachia kwenye basi kabla ya Makambako. Soma kopo lako, kiwango kimeandikwa. Kopo lenyewe usiliache gereji usiku, lala nalo ndani ya nyumba. Wa mishumaa, pasha kwanza glasi kabla ya kumimina, maana nta ikikutana na glasi ya baridi inajitenga na kingo na mteja anadhani umemuuzia mbovu. Wa mafuta ya nazi, haya yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwako yatakuwa meupe magumu na kwa mteja wa Tanga yatakuwa maji. Mwandikie kabla hajalalamika.

Jambo la mwisho ni saa. Kwa nini tunang'ang'ania kuingia gereji saa kumi na mbili asubuhi? Kwa sisi tulio kusini ya ikweta, jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini. Meza iliyo kwenye dirisha la kaskazini, au chini ya bati moja linalopitisha mwanga, inapata joto la bure kuanzia saa nne mpaka saa kumi jioni, siku isiyo na ukungu. Kazi ya vidole na ya gundi iweke hapo. Asubuhi jibu meseji, piga hesabu, funga mizigo, ukiwa ndani ya nyumba karibu na chai.

Utatoa kazi chache kwa siku, ni kweli. Mimi naona ni afadhali kubadilisha ahadi kuliko kuongeza moto. Kuanzia Juni mpaka Agosti andika kabisa kwenye ukurasa wako kwamba oda ni siku tano badala ya tatu, na sababu yake useme: huku ni kipupwe, gundi inachukua muda. Wateja wengi wataelewa, na atakayeshindwa kusubiri siku mbili mwache aende.

Kuna kitu bado sijapata jibu lake zuri, nacho ni kukausha ngozi iliyopakwa rangi wiki ile ya ukungu na manyunyu bila jua hata saa moja. Kama uko Makete au Rungwe na una njia isiyotumia makaa, iandike hapa chini na useme inachukua siku ngapi.