Kiatu cha Motokaa



Siku chache zilizopita mwalimu mwenzangu, kijana bado, alinijia nyumbani jioni. Alikuwa amenunua motokaa ndogo ya okazioni, na furaha ilimjaa usoni.

«Mwalimu,» akasema, «nimeona sokoni janti nne za aluminiyumu, za inchi 16, zinang'aa kama fedha. Za kwangu ni za chuma, inchi 14 tu. Nikifunga zile kubwa, gari litapendeza, tena litainuka, wala mawe ya njia hayatalipiga tumboni. Wasemaje?»

Nikamjibu: «Ndugu yangu, kabla ya kufungua mfuko, twende kwanza tukasome mpira wako.»

Maana mpira wa gari una maandishi yake, nasi wengi twapita bila kuyasoma. Wa kwake uliandikwa 175/65 R14. Basi 175 ni upana wake kwa milimeta. 65 ni kimo cha ubavu wake: sehemu 65 katika 100 za ule upana, yaani milimeta 114 hivi. 14 ni inchi za janti inayouingia. Jumlisha janti na mbavu mbili, ya juu na ya chini, utapata kimo cha gurudumu zima: milimeta 583.

Sasa kijana wetu ana njia mbili, wala hakuna ya tatu.

Njia ya kwanza ni kuchukua janti ya 16 na kuacha ubavu ule ule. Gurudumu litafika milimeta 634. Je, gari litainuka kwa hiyo tofauti yote ya milimeta 51? Hapana, nusu yake tu, sentimeta mbili na nusu. Na bei yake ni nini? Ukikata kona, mpira waweza kusugua bati. Breki zile zile ndogo zitapaswa kusimamisha gurudumu kubwa na zito kuliko lile zilizoundiwa. Hata kipimo cha mwendo kitadanganya: kama kilikuwa sahihi zamani, sasa kitaonyesha kilomita 60 kwa saa, nawe unakwenda 65.

Njia ya pili ndiyo wanayoifuata mafundi wenye akili: janti ikiongezeka, ubavu upunguzwe, ili kimo cha gurudumu kisibadilike. Mpira wa 195/45 R16 una kimo cha milimeta 582, karibu sawa na ule wa kwanza. Kipimo cha mwendo hakidanganyi, na gari hushika lami vizuri katika kona. Lakini tazameni: gari halikuinuka hata kidogo! Na ubavu umeshuka toka milimeta 114 hata 88.

Hapo ndipo penye neno lenyewe, wasomaji wapenzi. Kinachobeba motokaa si chuma wala aluminiyumu, bali ni hewa iliyofungwa ndani ya mpira. Kila inchi unayoiongeza kwa janti, waiondoa katika hewa hiyo. Katika nchi yenye lami laini hasara ni ndogo. Lakini katika miji yetu lami huisha ghafula, na shimo lililojaa maji ya mvua halionyeshi kina chake. Mpira wenye ubavu mfupi ukiingia shimoni kwa nguvu, hubanwa kati ya jiwe na janti, ukapasuka. Janti ya chuma ikipindika, mara nyingi fundi huigonga ikanyoka. Ile ya aluminiyumu yaweza kupata ufa, na ufa haugongwi kwa nyundo.

Kama mtu amekaza nia, asipite inchi moja: 185/55 R15 ina kimo cha milimeta 584, na ubavu wa 102 bado wavumilia. Lakini achunguze mambo haya: hesabu ya nati na nafasi zake, tundu la katikati ya janti, na kama gurudumu halitokezi nje mno. Tena asome namba ya uzito. 82 maana yake kila mpira hubeba kilo 475; 80 ni kilo 450 tu. Asishuke chini ya ile iliyowekwa na watengenezaji. Mwisho, atafute tarakimu nne za tarehe: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira waweza kuwa mweusi na kung'aa, kumbe umezeeka dukani.

Kijana alinyamaza kitambo. Nikamwuliza: «Nani hukaa kiti cha nyuma?» Akajibu: «Watoto wangu wawili.» Hakusema tena neno.

Jumamosi nilimkuta mbele ya nyumba yake, mikono imechafuka. Zile franka za janti alizinunulia mipira minne mipya, 175/65 R14, na zile janti za chuma alikuwa akizipaka rangi ya kijivu. Mwanawe mkubwa alishika kopo la rangi.

Ni kweli walivyosema wazee: vyote ving'aavyo si dhahabu. Mwenye kuchagua kiatu, apime kwanza mguu, kisha atazame njia.

Kwaherini hata juma lijalo.