Vishipa Huota Penye Kazi

Kila wanapotajwa wanariadha wa Mbulu na Hanang, husikika kauli kwamba mbio zimo katika damu ya watu wa huko. Tangu John Stephen Akhwari alipomaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 huku goti limejeruhiwa, na Gidamis Shahanga alipotwaa dhahabu ya marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, kauli hiyo imekuwa kama kanuni. Mimi siikubali. Afadhali tuzichunguze njia zipitishazo damu hiyo.

Ndani ya msuli, kila uzi umezungukwa na vishipa viitwavyo kapilari, vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja. Humo ndimo oksijeni na sukari huingia msulini. Msuli ukifanya kazi, damu hupita kwa wingi na kuzisugua kuta za vishipa. Nyuzi nazo hujinyoosha na kujikunja, na seli hutoa protini iitwayo VEGF iamshayo ukuaji. Kishipa huchipua tawi, au hugawanyika katikati kikawa viwili. Mwaka 1977 Andersen na Henriksson walionyesha kwamba wanaume waliofanya mazoezi ya baiskeli kwa majuma 8 tu waliongeza msongamano wa kapilari za paja kwa asilimia 20 hivi. Hao hawakuzaliwa Mbulu! Tena, msuli ukikaa bure kwa muda mrefu, sehemu ya vishipa hivyo hutoweka.

Basi mtoto wa Nambis apandaye na kushuka vilima kwenda shule, kuchota maji na kuchunga mifugo, anaijenga miguu yake bila kocha. Siisifu adha hiyo. Bomba la maji karibu na nyumba ni haki yake, na bodaboda ina faida zake. Lakini kazi ya miguu ikipungua, ni nini kitakachoshika nafasi yake? Shule zinazokigeuza kipindi cha michezo kuwa cha masomo ya ziada zinawanyima watoto kitu ambacho daftari haliwezi kukirudisha, maana msuli wenye vishipa vingi hupokea sukari ya damu kwa wepesi zaidi, na kisukari sasa kimefika hata vijijini.

Na mtafiti atakayekwenda kuwapima vijana wa Nambis, awapime pia wenzao wa Dar es Salaam waendao shule kwa daladala, kisha awape wote mazoezi yaleyale na kuwapima tena. Asipofanya hivyo, atarudi na hadithi ileile ya damu.