Miwani Pekee Haitoshi

Hapa kwetu Njukini tumezoea kuwacheka wenzetu wanaovaa miwani. Eti "macho manne", eti wanajifanya maprofesa! Nao wasioivaa ilhali hawaoni, hukaza macho ubaoni na kunakili daftari la jirani. Ukiwaambia Mlima Kilimanjaro leo uko wazi, wao huona wingu tu. Maoni yangu ni kwamba sote, wanaocheka na wanaochekwa, tumesahau jambo kubwa zaidi. Kutoona mbali si shida ya ubao tu. Kunaweza kuleta maradhi yanayopofusha.

Tuelewane kwanza. Asiyeona mbali mara nyingi ana jicho lililorefuka kupita kiasi. Nuru ya kitu cha mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Miwani huipeleka picha mahali pake, naye akaona sawasawa. Lakini je, jicho limefupika? La hasha! Utando ungali umevutwa, mwembamba kama puto lililopulizwa sana.

Basi nani yumo hatarini zaidi? Namba ya miwani itakujibu. Namba ya asiyeona mbali huandikwa kwa alama ya kutoa. Mwenye -1 au -2 hatari yake ni ndogo, ingawa haikosi kabisa. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 uliweka -5 kuwa mwanzo wa hali kali. Wengine huanzia -6. Kadiri namba inavyopanda ndivyo hatari inavyozidi: retina kubanduka, sehemu yake ya katikati kuchakaa, presha ya macho, na mtoto wa jicho kuja mapema. Aliyeanza tatizo hili akiwa mdogo, namba yake ina miaka mingi ya kupanda.

Jamani, ziko dalili zisizongoja kesho: mimweko kama ya radi, vidoa vingi vinavyoelea vilivyozuka ghafla, au kivuli kama pazia. Huenda usisikie maumivu yoyote. Utando ukichanika tu, daktari anaweza kuuziba kwa leza. Ukibanduka ni upasuaji, na huenda usione tena kama zamani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako watakaosema miwani huharibu macho. Si kweli. Wengine watauliza, mbona tusinunue ya bei nafuu sokoni? Miwani ya kusomea inayouzwa bila kupimwa huwa ya alama ya kujumlisha, ya wazee wasioona karibu. Kijana asiyeona mbali akiivaa, mlima utazidi kuwa wingu.

Tena utasikia, "Shule yetu haina daktari." Natuwatazame wenzetu wa Trans Nzoia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walimu walipima macho ya watoto zaidi ya 20,000 katika shule 50. Nusu ya shule zilitumia simu zenye programu ya Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kati ya watoto walioonekana na tatizo huko, zaidi ya nusu walifika hospitali. Katika shule nyingine, walifika karibu mmoja tu kati ya watano. Funzo ni kwamba kupima peke yake hakutoshi. Lazima mtu afuatilie.

Ombi langu kwa walimu wetu wapendwa ni hili. Kila mwanzo wa mwaka tupimwe kwa chati na kamba ya mita 6. Gharama yake si kubwa. Namba ya kila mwenye miwani iandikwe, ilinganishwe na ya mwaka uliopita. Mwenye -5 na kuendelea mzazi wake aitwe, ili apelekwe kila mwaka kwa daktari wa macho atiwe matone ya kupanua mboni na retina itazamwe. Najua kwenda Taveta au Voi ni nauli, lakini nauli hutafutwa, jicho halinunuliki.

Nawe mwenzangu mwenye miwani, leo hii itafute ile karatasi uliyopewa ulipopimwa, uisome namba yako. Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema, juu ya hatari ya macho yenyewe, na aambiwe!