Mwenye njaa hapewi ndoo nzima: somo la malezi kutoka kwa waokoaji wa farasi

Farasi aliyekaa na njaa kwa miezi anaweza kufa kwa kukosa chakula. Anaweza pia kufa kwa kukipata. Watu wanaoendesha vituo vidogo vya kuokoa farasi waliotelekezwa wanalijua hilo vizuri, na ndilo jambo la kwanza wanalomwambia kila anayekuja kuwasaidia: usiguse ndoo ya nafaka kabla hujauliza.

Vituo vya aina hii ni vingi katika nchi zenye farasi wengi, kama Marekani na Uingereza. Vingi si taasisi kubwa. Ni shamba la familia, mabanda machache, baba na mama wenye kazi nyingine mchana, na watoto wanaobeba maji kabla ya kwenda shule. Afrika Mashariki farasi ni wachache, lakini punda ni wengi, na punda ni ndugu wa farasi. Hata hivyo, mzazi asiyefuga chochote naye ana la kujifunza hapa. Kazi hii inaonyesha kwamba huruma ina kipimo chake, na kwamba siku ya kumwokoa mnyama ndiyo nyepesi kuliko zote zinazofuata.

Njaa inavyoula mwili

Farasi akikosa chakula, mwili hutumia kwanza mafuta uliyojiwekea. Yakiisha, unaanza kula misuli, na moyo nao ni msuli. Kwa nje mtu anaona mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga. Asichokiona ni akiba ya madini kama fosforasi, potasiamu na magnesi, ambayo nayo imepungua.

Sasa aje mtu mwenye moyo mwema na ndoo ya mahindi au shayiri. Wanga unaingia kwa wingi. Mwili unatoa insulini nyingi, na insulini hiyo inaisukuma sukari kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli za mwili. Madini machache yaliyobaki yanavutwa pamoja nayo, na damu inabaki bila ya kutosha. Moyo, mapafu na figo vinaanza kushindwa. Mara nyingi kifo huja kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya mlo wa kwanza, wakati watu wa nyumbani wameshaanza kufurahi kwamba mgonjwa anakula.

Jambo hili limewakuta binadamu pia. Mwaka 1945, kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen ilipokombolewa, askari waliwagawia wafungwa chakula chao cha kijeshi. Baadhi ya wafungwa walikufa kwa kukila. Na mzazi aliyewahi kukaa wodini na mtoto mwenye utapiamlo mkali ameuona utaratibu unaozuia hatari hiyo. Mtoto huanza na maziwa ya tiba mepesi yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Hali ikitulia na hamu ya kula ikirudi, ndipo anapandishwa polepole kwenye F-100 yenye nguvu zaidi, au chakula tiba cha karanga. Mtoto analia akitaka zaidi, na mama anaweza kudhani muuguzi ni mchoyo. Muuguzi yuko katika kumwokoa mtoto.

Nusu kilo kila baada ya saa nne

Kwa farasi, utaratibu unaofuatwa na vituo vingi ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambako Carolyn Stull na wenzake walilinganisha vyakula vya kuwarudishia afya farasi waliokonda kwa njaa. Kilichofaa zaidi ni majani makavu ya alfalfa, ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanayaita lusenti. Yana protini nyingi, wanga kidogo, na yanarudisha sehemu ya madini yaliyopotea.

Siku tatu za kwanza farasi hupewa kama nusu kilo tu kila baada ya saa nne. Kisha kiasi huongezwa taratibu na milo huachanishwa, hata kufikia siku ya sita anapata karibu kilo mbili kila baada ya saa nane. Baada ya siku ya kumi ndipo anaweza kuachiwa ale anavyotaka, mara mbili kwa siku. Maji safi yako karibu naye muda wote. Nafaka husubiri mpaka mwili upone. Haya yote hufanyika chini ya macho ya daktari wa mifugo, maana kila mnyama ana yake.

Kila baada ya saa nne maana yake ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, na saa nane za usiku wa manane. Lazima mtu aamke. Farasi anayamaliza majani yake upesi, kisha anagonga mlango wa banda kwa ukwato akitaka mengine. Aliyeamka anarudi kulala huku akimsikia anagonga. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wenye kuisema methali hiyo mara nyingi hawasemi jinsi inavyouma kumpa haba anayelilia kibaba.

Kurudi kwenye uzito wa kawaida huchukua miezi. Wapo pia wasiorudi. Farasi aliyepoteza karibu nusu ya uzito wake, akalala chini asiweze kusimama kwa zaidi ya siku tatu, matumaini yake ni madogo.

Katika kipindi chote hicho, mkono hutumika kuliko jicho. Mwaka 1983, Don Henneke wa Texas na wenzake walitoa kipimo cha unene wa farasi chenye ngazi 1 hadi 9. Anayepima hupapasa sehemu sita: shingo, kilele cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, mgongo na shina la mkia. Manyoya marefu ya msimu wa baridi yanaweza kuzificha mbavu zisionekane, lakini hayavidanganyi vidole. Watoto hujifunza kipimo hiki haraka, na wakishakijua hawamtazami tena mnyama kama picha nzuri ya kupita njiani.

Si kila mwenye farasi aliyekonda ni katili

Waliozoea kazi hii hawaanzi na lawama. Meno ya farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote na hulika kwa kutafuna. Yakilika vibaya hubaki na kingo kali zinazokata shavu na ulimi, na mzee anaweza kukonda huku nyasi ziko mbele yake. Dawa yake ni mtaalamu kuyapiga tupa. Kwato nazo zinahitaji kupunguzwa kila wiki sita hadi nane. Zikiachwa, hurefuka na kupinda juu kama ncha ya jambia, na mnyama hushindwa hata kutembea kwenda kwenye maji.

Tena kuna umaskini. Farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za majani makavu kwa siku, yaani zaidi ya tani tatu na nusu kwa mwaka, na anaweza kuishi miaka 25 hadi 30. Aliyemnunua akiwa na kazi nzuri anaweza kupoteza kazi, kuugua, au kuachana na mwenzi wake. Ukame ukipandisha bei ya majani, wa kwanza kupunguziwa chakula ni yule asiyeweza kusema.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mwokoaji. Farasi kumi ni kilo 100 za majani kila siku, bila kuhesabu daktari, dawa ya minyoo na fundi wa kwato. Ndiyo maana vituo vinavyodumu ni vile vinavyojua idadi yao na kuishikilia. Wapo watu wa huruma kubwa walioshindwa kusema hapana, wakapokea wa kumi na moja, wa ishirini, wa thelathini, mpaka wale waliookolewa wakaanza kukonda upya mikononi mwao. Watu hushauriana watende wema waende zao. Wema huu haukuruhusu kwenda zako, kwa kuwa kesho asubuhi wote watataka kula tena.

Mwanamke wa Cairo

Hakuna aliyeonja ugumu wa uamuzi huu kuliko Dorothy Brooke, mwanamke wa Kiingereza aliyefika Cairo mwaka 1930 pamoja na mumewe, ofisa wa kikosi cha wapanda farasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilikuwa limewauza maelfu ya farasi wake huko Misri badala ya kuwarudisha kwao. Miaka kumi na zaidi baadaye, Brooke aliwakuta waliosalia wakivuta mikokoteni na mawe, wamezeeka, wamekonda, wengine vipofu.

Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London akiomba msaada. Wasomaji walituma fedha, na katika muda wa miaka mitatu hivi kamati yake ilinunua farasi 5,000. Wenye farasi hao walikuwa maskini waliotegemea mnyama mmoja kulisha watoto, hivyo walilipwa ili waweze kupata mwingine.

Wengi wa farasi hao hawakuweza kupona. Walipewa siku chache za chakula, maji na matandiko manene ya kulalia, kisha wakafishwa bila maumivu. Mtu aliyekusanya fedha kwa machozi ya watu ilibidi akubali kwamba kwa wengi, wokovu ulikuwa ni kupumzishwa.

Alijifunza jambo jingine pia. Kununua hakuwezi kumaliza tatizo, maana mkokoteni bado unahitaji wa kuuvuta. Mwaka 1934 alifungua hospitali mjini Cairo ya kutibu bure farasi, punda na nyumbu wa watu maskini. Mwenye mnyama alisaidiwa, na mnyama akabaki na mwenyewe. Shirika lililozaliwa kutokana na kazi hiyo linaitwa Brooke hadi leo, na limefika Afrika Mashariki, ambako kazi yake kubwa ni punda na watu wanaoishi kwa jasho lake.

Mtoto akiuliza

Katika familia zinazoendesha vituo hivi, swali gumu huulizwa na mtoto: "Mbona tulimpenda na bado amekufa?" Wazazi wengi hupenda kudanganya, wakasema farasi amepelekwa shamba jingine. Mtoto akija kuujua ukweli, hatasadiki tena hata habari njema. Ni bora aambiwe kwa maneno machache: alikuja amechelewa, mwili wake ulikuwa umechoka sana, na siku zake za mwisho hakuwa na njaa wala hakupigwa. Hayo yote ni kweli, na mtoto anaweza kuyabeba.

Kwa mzazi wa Lamu, Dodoma au Kajiado, siku inaweza kufika mtoto akarudi kutoka shule akisema ameona punda amesimama kando ya barabara, mbavu nje, mgongo una vidonda. Usimkejeli, na usimpe ndoo ya pumba akaimwage mbele ya mnyama. Nendeni pamoja. Mpeni maji na kivuli. Nyasi kavu ziwe konzi kadhaa tu, si furushi. Ulizeni kwa adabu mwenyewe ni nani, maana huenda ni jirani aliyekwama, asiyejua kwamba tatizo ni meno, minyoo au hatamu inayochubua. Kisha mpigieni simu afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo aliye karibu.

Ikiwa ni ukatili wa wazi, sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mtoto akimwona mzazi wake anatoa taarifa, anajifunza kwamba mnyama wa mtu mwingine si jambo la kugeuzia uso.

Na mtoto akiomba mnyama huyo aletwe nyumbani, kaeni chini na kalamu na karatasi. Andikeni atakula kilo ngapi kwa siku, nani atachota maji, nani atamlipa daktari, na nani ataamka saa nane za usiku. Kama majibu yapo, mleteni. Kama hayapo, mwambie mtoto ukweli kwamba nyumba haimwezi, kisha mpange siku za kwenda kumtazama huko huko aliko. Mwachie mtoto mwenyewe kazi ya kupapasa mbavu kila wiki na kuandika kama bado zinahesabika.