Bangoka: GPS ikidanganya, rubani atafuata nini?

Tangu AFC/M23 ijitangaze mwanzoni mwa Februari 2026 kwamba ndiyo iliyotuma droni kwenye uwanja wa ndege wa Bangoka, watu wa Kisangani wanazungumzia mabomu. Silaha nyingine, isiyo na mlio, haizungumzwi sana: mawimbi ya redio.

Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ishara za GPS zilikuwa zinavurugwa na kughushiwa huko Kivu ya Kaskazini, katika maeneo yaliyoshikwa na M23 na jeshi la Rwanda, na kwamba ndege zilihatarishwa, zikiwemo za misaada. Kigali imekuwa ikikanusha kuwa inawaunga mkono waasi hao.

Kughushi GPS si kazi ngumu. Setilaiti zake ziko kilomita kama 20,000 juu yetu na ishara inafika chini ikiwa dhaifu. Aliyewahi kutumia fonie anaelewa: wa karibu akisema kwa nguvu, wa mbali hasikiki tena. Tena ishara ya GPS ya raia haina muhuri wa kuonyesha imetoka kwa nani. Galileo, mfumo wa Ulaya, imeanza kutoa muhuri huo rasmi mwaka 2025 tu.

Kuna kinga nyepesi inayotumia wimbi lenyewe, bila hesabu nzito za siri. Setilaiti za kweli zimetawanyika angani, lakini mwongo hutuma ishara zake zote kutoka sehemu moja. Kwa antena moja ni vigumu kugundua hilo. Antena kadhaa zilizopangwa pamoja zinaweza, na zinaziba sikio upande ule.

Siku hizi watafiti wanasifu antena ndogo mno za grafini, zisizoonekana kwa macho. Kwa Bangoka hazitasaidia: zimekusudiwa mawimbi mafupi sana ambayo unyevu wa hewa huyameza, na unyevu ndio hewa yetu ya Tshopo. Antena za GPS hupangwa kwa nafasi ya sentimita kama 10, basi ukubwa si shida. Shida ni bei, na nani analipa.

Kwenda Kinshasa kwa mto ni safari ya majuma, kwa hiyo wagonjwa na wafanyabiashara wanapanda ndege. RVA, inayosimamia viwanja vyetu, iwaambie wazi: vifaa vya ardhini vya kuongoza ndege pale Bangoka vinafanya kazi usiku, na wakati wa mvua?