Lenzi Kuukuu Ikaushwe Kabla ya Kufutwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, kila mkulima wa kahawa anajua kwamba buni isiyokauka vema huota ukungu ghalani. Ndiyo maana hukaushwa mpaka unyevu wake ubaki kiasi cha asilimia 12. Ni jambo la kusikitisha kwamba elimu hiyo haifiki kwenye kabati la nyumbani. Humo kamera kuukuu hulala ndani ya mfuko wake wa ngozi, misimu miwili ya mvua ikipita kila mwaka, hata lenzi yake ikaota nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui. Hapo wengine huitupa, na wengine huisugua kwa upindo wa shati. Wote wawili wamekosea.

Nyuzi hizo ni kuvu. Vijimbegu vyake vimo hewani siku zote, navyo huota penye giza pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 70 hivi kwa muda mrefu. Chakula chake ni mafuta ya vidole na vumbi. Ikiachwa, hutoa asidi inayokula utando wa lenzi, na hatimaye kioo chenyewe.

Utando huo una thamani kubwa. Uso mmoja wa kioo kitupu hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya nuru. Lenzi yenye vioo vitatu vilivyoachana ina nyuso sita, hivyo hupoteza zaidi ya asilimia 20. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Carl Zeiss huko Ujerumani, alibuni njia ya kupaka kioo utando mwembamba mno ili kupunguza hasara hiyo. Anayeukwangua huondoa kitu kisichoweza kurudishwa nyumbani.

Basi, kazi ifanywe kwa utaratibu. Kwanza vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, kisha lipanguswe kwa brashi laini, kwa maana chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Halafu karatasi ya lenzi ichovywe katika alkoholi safi, ipitishwe polepole kutoka katikati kwenda ukingoni, na itupwe baada ya kutumika mara moja. Kimiminika kisimwagwe juu ya lenzi: vioo vingi vya zamani vimegandishwa kwa utomvu wa balsamu ya Kanada, ambao alkoholi inaweza kuulegeza. Kamera yenye taa ya mmweko ndani isifunguliwe, kwani umeme uliohifadhiwa humo unaweza kudhuru hata betri ikiwa imetolewa. Alama ikibaki baada ya kuvu kuondoka, kioo kimekwisha kuliwa; kusugua zaidi ni kuongeza hasara.

Wapo watakaosema kwamba kamera za filamu zimepitwa na wakati. Hata hivyo, kuvu hiyohiyo hushambulia hadubini ya shule. Hadubini ikipofuka, darasa zima hujifunza seli kwa michoro ya ubaoni. Mwanafunzi anayeweza kuchora njia ya miale katika lenzi mbinuko, lakini hajui namna ya kuishika lenzi, amepata nusu tu ya elimu yake.

Kwa hiyo utunzaji wa lenzi ustahili kuingia katika mazoezi ya maabara. Mwalimu wa biolojia aeleze kuvu, wa kemia aeleze silika jeli inavyonyonya unyevu, na wa fizikia aongoze usafishaji kwa kutumia lenzi kuukuu isiyo na thamani. Kisha lenzi zihifadhiwe nje ya ngozi, katika mkebe wenye kifuniko kinachobana, pamoja na silika jeli inayokaushwa tena kwa joto kila inaposhiba. Wilaya zinazojua kuikausha kahawa zao hazikosi akili ya kukikausha kioo.